Kinanda cha Umeme Hakina Kosa

Barazani kwetu Mji wa Kale, baada ya sala ya isha, yuko mzee mmoja ambaye kila akisikia harusi ya jirani yapigwa kinanda husonya, kisha akasema: “Hiyo nayo ni taarabu? Hiyo ni mashine ya kusaga unga.” Wenzake humwitikia kwa vichwa. Mimi, kwa kuwa ndimi mdogo wa umri pale, aghalabu hunyamaza. Leo nataka kumjibu, na nimjibu kwa maandishi, maana kwa maneno hanipi nafasi.

Hoja ya mzee wangu si yake peke yake. Imeenea pwani nzima, toka Lamu hata Vanga. Yasemwa kwamba muziki utokao kwenye umeme hauna roho, kwamba kinanda ndicho kilichoiua taarabu, na kwamba chanzo cha balaa lote ni zile nyimbo za Kizungu za miaka ya 1980 ambazo sisi, tuliokuwa watoto wakati huo, tulizipokea kwa mikono miwili na kuzijaza kwenye kaseti. Naam, tulizijaza, sitakana. Ila naona wanaozilaumu nyimbo zile hawajui zilivyozaliwa, na lau wangejua, lawama zao wangezielekeza kwengine.

Kabla sijafika mbali, niwatake radhi masheikh na maalim wetu. Najua wako wanaoshika kwamba ala zote za muziki ni haramu isipokuwa dufu, na mimi niliyekalia jamvi la chuoni miaka saba si mtu wa kusimama mbele yao nikatoa fatwa. Mas'ala hayo yana wenyewe. Aliyeuharamisha udi na kinanda kwa pamoja ana msimamo wake, nami namheshimu. Ninayetaka kuzungumza naye ni yule asikilizaye udi hata usiku wa manane, machozi yakamtoka, kisha akikiona kinanda husema astaghfirullahi.

Nyimbo ninazozikusudia ni zile ambazo Wazungu waliziita sinthipopu, yaani popu ipigwayo kwa sinthesaiza. Sinthesaiza ni kinanda, lakini ndani yake hamna uzi wa kugongwa wala ulimi wa kupepea kama wa akodiani. Mna umeme tu, utetemekao. Ukitetemeka mara 440 kwa sekunde hutoa ile sauti ambayo wanamuziki wa Ulaya hulinganishia ala zao. Ukizidishwa kasi sauti hupanda, ukipunguzwa hushuka. Kisha sauti hiyo hupitishwa katika chujio, kama mama akamuavyo tui kwa kifumbu, ikatoka nzito au nyepesi kwa kadiri ya matakwa ya mpigaji. Mmarekani Robert Moog alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuunda na kuuza mashine za namna hiyo, kuanzia mwaka 1964. Zile za awali zilikuwa makabati yaliyojaa nyaya, na bei yake ilikuwa ya vyuo vikuu na matajiri. Mwaka 1970 ikatoka ndogo, ya kubebeka kwa mkono, iliyoitwa Minimoog, ikiuzwa kama dola 1,500. Hiyo nayo, kwa kijana wa kawaida, ilikuwa ndoto.

Lakini chombo si muziki, kama vile kalamu isivyokuwa shairi. Muziki wenyewe ulizaliwa Düsseldorf, mji wa viwanda na mabenki katika iliyokuwa Ujerumani ya Magharibi, kando ya mto Rhine. Vijana wawili, Ralf Hütter na Florian Schneider, waliokutana masomoni, waliunda kundi mwaka 1970 wakaliita Kraftwerk, maana yake kituo cha kuzalishia umeme. Hütter alizaliwa 1946 na Schneider 1947, yaani vita vimekwisha juzi na miji ingali vifusi. Tafakari hali yao, ndugu msomaji. Nyimbo za baba zao zilikuwa zimetiwa najisi na Hitler, hapana kijana mwenye haya ambaye angeziimba. Ukifungua redio, Wamarekani na Waingereza watupu. Basi kijana wa Kijerumani aimbe nini? Aige Kiingereza cha watu waliomshinda vitani, au anyamaze?

Wale wawili hawakunyamaza wala hawakuiga. Walitazama walichokuwa nacho, wakaona kwamba kwao kuna viwanda, reli, na barabara pana. Mwaka 1974 wakatoa “Autobahn”, wimbo wa safari ya gari katika barabara kuu, ulioshika upande mzima wa santuri, dakika zaidi ya 22. Mna mlio wa mlango wa gari ukifungwa, injini ikiwaka, magari yakipishana, na juu yake sauti za wanaume wakiimba kwa Kijerumani, polepole, kama abiria asiye na haraka. Ulipokatwa ukafupishwa, ulivuma Marekani na Uingereza mwaka 1975. Kisha ikafuata “Trans-Europe Express” mwaka 1977, habari ya gari la moshi, na “The Man-Machine” mwaka 1978, ambapo wanne hao walipiga picha wamevaa mashati mekundu na tai nyeusi, wamesimama wima kama sanamu. Baadaye hata jukwaani waliweka sanamu badala yao. Masihara hayo ndiyo yaliyowafanya wengi waseme hawa si watu. Mimi naona walikuwa watu mno. Walichukua kile ambacho wengine walikuwa wakikionea haya, wakakiimba kwa lugha yao.

Na hapa pana jambo ambalo nataka lishikwe, maana nitalirudia. Kraftwerk hawakukiomba kinanda kiseme uongo. Hawakukiambia kijifanye fidla au tarumbeta. Walikiuliza: wewe mwenyewe wasemaje? Wakaifuata sauti yake ilikowapeleka.

Uingereza habari ilikuwa nyengine. Kule waliokishika kinanda si wana wa wasomi. Wajapani, wenye viwanda vya Korg, Roland na Yamaha, walianza kutengeneza vinanda vya umeme vya bei ya chini, na vikafika mikononi mwa vijana wa mitaa ya wafanyakazi. Katika Sheffield, mji wa chuma cha pua, kundi la The Human League lilitoa “Being Boiled” mwaka 1978. Wawili kati yao walikuwa wakifanya kazi kwenye kompyuta za ofisi, na mwimbaji wao, Phil Oakey, alikuwa mchukuzi wa hospitali. Mwaka huohuo Gary Numan aliingia studio akusudia kurekodi muziki wa magita ya makelele, akakuta pembeni kinanda cha Minimoog walichokisahau waliomtangulia. Akakibonyeza. Sauti iliyotoka ilimtikisa, na mwaka uliofuata wimbo wake “Are ‘Friends’ Electric?” ulishika nafasi ya kwanza nchini humo. Bahati ya mtende hiyo, lakini bahati humfaa aliye na masikio.

Katika mji mdogo wa Basildon, huko Essex, walikuwako Depeche Mode. Mmoja karani wa benki, mmoja karani wa bima. Walivichukua vinanda vyao kwapani, wakapanda gari la moshi kwenda London kupiga, na usiku wakarejea hivyo hivyo, kwani asubuhi kuna kazi. Hapakuwa na lori la vyombo wala mpiga ngoma, maana ngoma ilikuwa ndani ya mashine. Wengi wao walikuwa wapiga kwa kidole kimoja au viwili. Mwaka 1981 walitoa “Just Can't Get Enough”, na tarehe 18 Juni 1988 wakasimama mbele ya watu zaidi ya 60,000 katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, Marekani. Nawasimulia haya kwa sababu mzee wangu hudhani muziki ule ulipikwa na makampuni makubwa ili kuwapoteza vijana. Makampuni yalifika baadaye, kama kawaida yao, harufu ya pilau ilipotoka.

Je, waliokuwa wakipiga ala za zamani walilipokea vipi jambo hilo? Kama tulivyolipokea sisi. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki cha Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Chama kizima hakikulifuata azimio hilo, na marufuku haikuwa. Watu huwacheka wale wapiga fidla wa London kwa azimio lao. Mimi siwacheki. Waliona mwimbaji mashuhuri anazunguka nchi na vinanda viwili vitatu badala ya okestra, wakapiga hesabu ya mkate. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na nitarudi kwayo, maana hapa kwetu ndipo ilipotimia.

Ila hoja ya roho ni hoja nyengine, nayo haisimami.

Kuna mashine ya ngoma ya kampuni ya Roland iliyotoka mwaka 1980, inaitwa TR-808. Zilitengenezwa kama 12,000 tu, ikaachwa mwaka 1983. Chini yake pana vitufe vimepangwa safu moja, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukibonyeza cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, ngoma nzito italia mara nne sawasawa, kisha mashine itarudi mwanzo na kuanza tena. Siku niliyoonyeshwa mashine hiyo na kuvihesabu vitufe vile, nilicheka peke yangu mpaka mwenye nayo akashangaa. Ni kumi na sita! Wallahi, ni mizani ya mshororo wa tarbia: nane ukwapi, nane utao. Mjapani hakusoma Muyaka, lakini hesabu yao imekutana.

Basi nawauliza wenye kusema kwamba kipimo kisichobadilika huua roho: Muyaka bin Haji aliandika kwa kipimo gani? Sisi watunzi wa pwani hatukuruhusiwa hata mizani moja kuzidi au kupungua. Mwalimu wangu wa ushairi alikuwa akihesabu kwa vidole mpaka nafasi ya pumzi. Hakuna aliyesema shairi letu ni mashine ya kusaga. Twajua kwamba ule ukali wa kipimo ndio unaolifanya neno liwake, maana halina pa kukimbilia. Ni kweli kwamba mtunzi hujihesabia mwenyewe, na yule wa kinanda huhesabiwa. Lakini ni mtu aliyechagua kitufe kipi kilie na kipi kinyamaze, na kuchagua pa kunyamaza ni nusu ya ufundi.

Mwaka 1982 Marvin Gaye, ambaye sijamsikia mtu aliyethubutu kusema hana roho, aliimba wimbo wake uliovuma kuliko zote za mwisho wa maisha yake juu ya mashine hiyohiyo ya TR-808. Jina la wimbo sitalitaja, ukurasa huu husomwa na watoto.

Na hilo ndilo lililokuwa siri ya nyimbo nzuri katika muziki ule: chini baridi, juu moto. Vince Clarke, alipotoka Depeche Mode, alimchukua Alison Moyet, binti mwenye sauti nzito ya kuomboleza, akamwekea chini yake vinanda vikavu kama barafu. “Only You” ya mwaka 1982 ni zao la ndoa hiyo. Annie Lennox na Dave Stewart walikopa benki, wakanunua vyombo vichache vya kurekodia, na wakatengeneza “Sweet Dreams” iliyotoka mwaka 1983, kwa njia nane tu za sauti. Nakumbuka nilivyousikia mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimetoka chuoni alasiri, juzuu kwapani, nikapita penye duka la kurekodia kaseti. Sikujua neno moja la alichokuwa akisema yule mwanamke. Lakini kinanda kile kilikuwa kikirudiarudia maneno yaleyale, kama mtoto anayekariri aya asije akaisahau, na juu yake ile sauti ya mwanamke, si ya furaha wala si ya kilio. Nilisimama hata adhana ya magharibi ikanikuta pale. Bakora niliyoipata nyumbani ilikuwa ya haki.

Sasa, fitina iliingia wapi? Kwa maoni yangu iliingia mwaka uleule wa 1983, na iliingia kwa mlango wa neema.

Mwaka huo yalitokea mawili. La kwanza, Mjapani Ikutaro Kakehashi wa Roland na Mmarekani Dave Smith walisimama mbele katika kuwapatanisha watengenezaji wa vinanda, ili mashine za makampuni mbalimbali ziweze kusemezana kwa lugha moja, iitwayo MIDI. Ni mambo adimu, makampuni yanayoshindana kukubaliana bila kutozana. Hadi leo lugha hiyo ndiyo itumikayo. La pili, Yamaha walitoa DX7, kinanda kilichotokana na uvumbuzi wa John Chowning wa chuo kikuu cha Stanford, na kikauzwa zaidi ya 150,000. Kilikuwa kizuri, chepesi, na sauti yake safi kama kengele. Lakini kuitengeneza sauti mpya ndani yake kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, na kwa kuwa kilikuja na sauti 32 zilizokwisha kupikwa, wapigaji wengi waliona afadhali kula kilichopakuliwa. Ghafla dunia nzima ikawa yapiga piano ileile ya umeme. Vikaenea pia vinanda vya nyumbani, vyenye spika zake ndani na kitufe cha kupiga ngoma, besi na zeze kwa mpigo mmoja. Wale wa Düsseldorf walikuwa wamekiuliza kinanda chasemaje. Sasa kinanda kikaanza kumwambia mpigaji aseme nini.

Hata hivyo mti ule ulikuwa umekwisha kutia mizizi. Mwaka 1982, katika Bronx, New York, Afrika Bambaataa na wenzake walilichukua lahani la “Trans-Europe Express”, wakalipigia TR-808, wakatoa “Planet Rock”. Watoto weusi wa mtaa maskini walisikia katika muziki wa Wajerumani kitu chao. Huko Detroit, mji wa magari uliokuwa ukifungiwa viwanda vyake, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson wakazaa muziki wa tekno. Mwaka 2005 Coldplay walitumia lahani la Kraftwerk katika wimbo wao “Talk”. Na mwaka 2019 kijana aliyezaliwa Kanada kwa wazazi Wahabeshi, Abel Tesfaye ajulikanaye kwa jina la The Weeknd, alitoa “Blinding Lights”, wimbo ambao ukiusikia bila kuambiwa utadhani ni wa 1984. Mwaka 2021 gazeti la Billboard liliuweka nafasi ya kwanza katika nyimbo zote zilizopata kuingia orodha yake kuu. Bongofleva ya watoto wetu nayo imejengwa juu ya mashine hizohizo, na siku hizi sinthesaiza imo ndani ya simu ya mkononi. Schneider alifariki mwaka 2020. Sidhani kama kuna mpiga muziki wa zama zetu aliyesikika na watu wengi hivyo bila wao kumjua jina.

Turudi pwani, ndiko nilikokusudia.

Sisi hatukuanza jana kupokea ala za wageni. Udi ulikuja, ganuni ikaja, fidla ikaja na Wazungu, akodiani vilevile. Tashkota je? Ile ni ala ya Kijapani, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, yenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta. Ilifika Mombasa, ikatiwa umeme, na akina Bi Zuhura Swaleh wakaiimbia mpaka ikawa kama imezaliwa hapa. Hakuna aliyesema taipureta haina roho. Kwa nini? Kwa sababu haikuombwa ijifanye kitu chengine. Ilifundishwa Kiswahili, ikasema kwa sauti yake yenyewe, kavu, yenye kukwaruza, na ukiisikia leo kwa mbali wajua hii ni Mombasa.

Kinanda cha umeme hatukukifanyia hivyo. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipopamba moto, tulikitia kinanda mahali pa watu. Fidla imo ndani, akodiani imo ndani, nai imo ndani, dumbaki imo ndani. Mwaka jana nilihudhuria harusi moja mjini hapa. Mpigaji alikuwa kijana mmoja na kinanda kimoja. Mezani kwangu, akila biriani yake taratibu, alikuwako mtu aliyepiga fidla miaka thelathini. Kijana alipobonyeza sauti ya fidla, yule bwana aliacha kula. Hakusema kitu. Aliitazama mikono yake kidogo, kisha akaomba maji. Fidla yake, aliniambia baadaye, imetundikwa ukutani na ina nyuzi mbili tu.

Sasa tumlaumu nani? Harusi ile ilikuwa na hema la kukodi, taa za rangi, wapiga picha watatu na keki ya kimo cha mtoto. Tulipunguza wapigaji wanane tukabakisha mmoja, tukaziweka fedha kwenye keki, halafu barazani twakilaumu kinanda. Wale wa London wa mwaka 1982 hofu yao ilikuwa kwamba bwana mwenye fedha atapata kisingizio. Kisingizio hicho hapa tumekitoa sisi wenyewe, wazazi wa maarusi.

Na kuna hasara ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, kwa kuwa fidla yaweza kutiwa nyuzi, lakini sikio likishakufa halifufuki. Sisi wa chuoni tuliijua bayati kabla ya kujua jina lake, kwani wasomaji wakubwa wa tilawa aghalabu huanzia humo na hurejea humo. Katika bayati, nota ya pili haiko juu ya kitufe cheupe wala cheusi. Iko katikati, mahali ambapo kinanda cha Kizungu hakina kitu. Katika rasti ni ile ya tatu. Saba na sika nazo zina mambo hayohayo. Nahawandi, ajam na kurdi zaingia katika kinanda bila taabu, hijazi ikisukumwa itaingia. Basi sikilizeni taarabu ya siku hizi, mnihesabie. Nahawandi, hijazi, nahawandi, hijazi. Rasti imehama mji. Aliyezoea udi wa marehemu Zein l'Abdin ataona kama nyumba iliyozibwa madirisha.

Wako watakaosema ndiyo hiyo dosari ya mashine. Sivyo. Waarabu walipoiona dosari hiyo waliidai dawa, na wenye viwanda wakaitengeneza: kuna vinanda vya soko lao ambavyo kila nota huweza kushushwa robo ya sauti kwa kitufe, na wapigaji wao huvibonyeza katikati ya wimbo bila hata kutazama. Na jirani yetu Mhabeshi, Hailu Mergia, alipokuwa Washington mwaka 1985, alirekodi kaseti peke yake, kama yule kijana wa harusi: akodiani, piano ya umeme, mashine ya ngoma na DX7 ileile ya sauti zilizopikwa. Alipiga lahani za kwao za zamani, na kinanda hakikujifanya okestra. Kilikaa kando ya akodiani kama mgeni mwenye adabu, na wote wawili wakasema Kihabeshi. Baadaye aliendesha teksi miaka mingi. Mwaka 2013 kaseti ile ilitolewa upya, na watu wa Ulaya wakamtafuta akawapigie.

Baada ya harusi ile nilimwendea kijana mpigaji, nikampa mkono, maana vidole vyake ni vyepesi na hakukosea hata mara moja. Nikakitazama kinanda chake, alicholetewa na jamaa yake kutoka Dubai. Juu yake palikuwa na safu ya vitufe vidogo kumi na viwili. Nikamwuliza kama huvitumia.

“Vile, ami? Vile vimeharibika,” akanambia. “Nilibonyeza kimoja siku ya harusi ya Kisauni, nota ikaenda kombo. Nikakipeleka kwa fundi, akanitoza elfu mbili kukizima.”